Rupia ya Chama cha Nyota

Majengo, Nyeri
17 Juni 1973

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri na goti limetulia tangu nilipokuacha. Mimi mzima. Baridi ya mwezi huu unaijua. Asubuhi maji ya bomba yanauma meno, na ukungu hauondoki mpaka saa tano.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni ya kazi. Idara yetu ya maji imeletewa mashine kutoka Nairobi, ya kutafuta chuma kilichofukiwa. Zamani ilikuwa ya jeshi. Ina sahani ya duara kwenye mpini mrefu na visikizio vya kuvaa masikioni. Ukipitisha sahani juu ya chuma, inalia kama mbu. Tunaitumia kutafuta vifuniko vya mabomba ya zamani, kwa sababu ramani zilipotea. Nimekabidhiwa mimi hadi tarehe 30 Septemba.

Jumatano nilikuwa katika bustani ya mji, kwenye ua wa miti wa upande wa chini. Mashine ikalia. Nilichimba nikitarajia kifuniko, nikapata ndururu tatu, zile senti tano zenye tundu katikati, za Mfalme George, mwaka 1925 na 1928.

Habari ya pili ni ya Alhamisi. Msichana wa miaka minane hivi alikuwa akichota maji kwenye bomba la Majengo huku akiimba:

*Kacheza Zabibu, mdomoni siri,*
*Rupia ya watu kaimeza Nyeri.*

Nikamuuliza, "Zabibu ni nani?" Akasema, "Sijui. Ni wimbo tu."

Shangazi, ulinilea miaka minne nikisoma sekondari hapo Kerugoya. Kila nilipokuuliza kwa nini huji Nyeri, hata kumzika baba yangu, ndugu yako, ulijibu kwamba huwezi kuingia mji unaokuimba. Sikukuuliza zaidi. Sasa nauliza. Rupia hiyo ilikuwa ipi, na mlicheza wapi hasa? Nina mashine, nina Jumapili zangu, na mhandisi wetu ameniruhusu mradi niwe naweka alama za vifuniko pia.

Mwanao,
Abdulkadir


Kerugoya
30 Juni 1973

Mwanangu Abdulkadir,

Marahaba. Goti liko pale pale, linanikumbusha umri wangu kila nikiinama. Mvua imetuachia maharagwe mazuri, nimekuwekea debe.

Barua yako niliisoma, nikaifungia kabatini siku tisa. Kumbe hadi watoto wanaimba! Haya, sikiliza.

Ilikuwa Idi pili, Januari 1935. Chama chetu cha ngoma ya lelemama kiliitwa Nyota, na kiongozi wetu alikuwa Kibibi, huyo huyo unayekutana naye ukienda sokoni. Tulikuwa na rupia moja ya fedha, ya Mjerumani, aliyokuja nayo baba yake Kibibi kutoka vita vya kwanza. Haikuwa ya kununulia kitu. Ilikuwa heshima ya chama. Mchezaji aliyepewa mstari wa mbele alibandikwa rupia hiyo kwenye kipaji cha uso kwa nta ya nyuki, akacheza nayo mpaka mwisho. Siku hiyo Kibibi alitaka awe yeye. Akina mama wakanichagua mimi.

Tulicheza tangu adhuhuri. Watu wakatutuza, ndururu na senti kumi zikitupwa miguuni petu, nyingine zikizama kwenye vumbi. Jua lilikuwa kali. Tulipomaliza, nikagusa kipaji. Nta ilikuwa imeyeyuka na rupia haipo.

Walikung'uta leso yangu. Wakanisukutulisha maji mdomoni mbele ya watu, Abdulkadir, kama mtoto aliyeiba sukari. Siku ya tatu Kibibi akatunga wimbo. Neno likisemwa tu unaweza kulikana. Wimbo utaukanaje? Wiki ya pili nikahamia Kerugoya.

Tulichezea sehemu ya juu ya uwanja, huo ambao sasa mnauita bustani. Ukisimama kwenye jiwe kubwa la mpaka, hesabu hatua arobaini kuelekea upande wa mlima. Hizo ndururu zako za ua wa chini sizijui. Kule hatukucheza kamwe, palikuwa na bonde la matope.

Ukitafuta, tafuta kama mtu aliyesoma. Wala usimwambie mtu yeyote mpaka uione kwa macho yako.

Shangazi yako,
Zabibu binti Ali


Majengo, Nyeri
12 Agosti 1973

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nakuombea afya. Mimi nina mafua, lakini si ya kulala.

Nimetafuta Jumapili sita. Jiwe la mpaka lipo. Nilipima hatua arobaini, nikapiga vigingi na kamba, nikagawa mahali pote kuwa viwanja vidogo sitini na vinne, kila kimoja hatua mbili kwa mbili. Kila nilichokipata nimekiandika katika shajara kwa tarehe na kiwanja. Vizibo vya soda 112. Misumari 31. Kijiko kimoja. Kufuli lisilo na ufunguo. Sarafu saba, na ya zamani kuliko zote ni ya mwaka 1956.

Hakuna rupia. Tena hakuna hata ndururu moja ya zamani, na ulisema zilitupwa nyingi. Hilo ndilo linalonisumbua. Ikiwa watu walitunza pale, ziko wapi?

Nakuandikia kwa heshima. Miaka thelathini na minane ni mingi, na huenda mahali umepakosea. Au huenda rupia iliokotwa siku ile ile na mtu mwingine. Na kama kuna jambo lolote ambalo hukuniambia, Shangazi, mimi ni mwanao, sitakuhukumu.

Mwanao,
Abdulkadir


Kerugoya
20 Agosti 1973

Abdulkadir,

Barua yako imefika. Maji ya kusukutua niliyatema mara moja tu. Sitayatema tena kwa ajili yako.

Zabibu


Majengo, Nyeri
9 Septemba 1973

Shangazi,

Shikamoo, hata kama huitikii. Hii ni barua yangu ya tatu tangu ile yako fupi. Najua mbili zilizotangulia umezipata, kwa kuwa nilimpa kondakta wa basi la Kerugoya mkononi na akaniambia ulizipokea bila kusema neno. Zile zilikuwa za kuomba radhi. Hii ni ya kukueleza nilivyokosea.

Jumapili iliyopita nilikuwa nikikusanya kamba zangu. Mzee mmoja alipita na ng'ombe wake, anaitwa Ngatia. Alisimama akanitazama kwa muda, kisha akasema:

"Wee kijana ya maji, unatafuta nini hapo kila Sunday?"

"Vitu vya zamani, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Vya zamani? Hapo hakuna kitu ya zamani. Hiyo mchanga ya juu yote tulibeba na karai mwaka ya hamsini na nne, wakati wa emergency. Ati kiwanja ikuwe sawa kama meza, wazungu wacheze mpira. Mgongo yangu bado inajua."

"Mlipeleka wapi huo mchanga?"

"Si hapo chini kwa ua! Kulikuwa na shimo ya matope. Tulimwaga mpaka ikajaa, halafu wakapanda ile ua juu yake."

Nilikaa chini kwenye nyasi, Shangazi. Nikafungua shajara mbele yake kwenye ukurasa wa Juni. Ndururu tatu, ua wa chini. Uwanja mliouchezea ulikuwa umenijibu siku ya kwanza, na mimi nikaenda kuutafuta mahali ambapo haupo tena. Kisha badala ya kushuku mchanga, nikakushuku wewe. Hilo ndilo kosa. Hukupakosea mahali, wala hukunificha jambo.

Ngatia ameahidi kunionyesha walikoanza kumwaga na walikomalizia. Anasema mchanga wa juu kabisa ulimwagwa kwanza, kwa hiyo upo chini. Nina wiki tatu kabla mashine haijarudi Nairobi. Sikuombi unijibu.

Mwanao, ukikubali,
Abdulkadir


Majengo, Nyeri
23 Septemba 1973

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Imepatikana. Jana, Jumamosi, tarehe 22 Septemba, saa kumi kasoro robo alasiri. Nitakwenda kwa utaratibu.

Ngatia alinionyesha mahali. Nilichimba mtaro chini ya ua, kina cha goti, nikapitisha sahani ndani ya mtaro. Wiki ya kwanza nilipata sarafu ishirini na sita, ndururu na senti kumi, zote za kabla ya 1935. Hakuna hata moja ya baadaye. Nilijua niko kwenye vumbi la miguu yenu. Jana mashine ikalia mlio mwingine, mnene. Nikadhani ni kifuniko. Nilikwangua kwa vidole. Ilitoka nyeusi kama kipande cha mkaa. Nikaitemea mate na kuifuta kwa shati. Mtu mwenye sharubu, kofia ya chuma, na ndege juu ya kofia. Ngatia akasema, "Haiya! Huyo ni nani amebeba kuku kwa kichwa?"

Sikumwonyesha mtu mwingine. Leo asubuhi nilikwenda kwa Bi Kibibi, rupia ikiwa mfukoni. Nilimkuta kibarazani akichambua mchele. Nikafungua shajara.

"Bibi, ile rupia ya chama cha Nyota ilikuwa na sura gani?"

"Unaniuliza mimi? Kamuulize shangazi yako, si ndiye anayo!"

"Nataka unieleze wewe, kwa kuwa ilikuwa ya baba yako."

Hapo akajisikia. Akaniambia yote, nami nikiandika. Mtu mwenye kofia ya ndege. Nyuma baba yake alichora nyota kwa msumari, lakini ilikuwa na ncha nne tu. "Msumari ulimteleza akajikata kidole, akaapa kwamba hamalizii. Tulimcheka mwaka mzima. Hakuna rupia nyingine duniani yenye nyota kama ile."

Nikamsomea nilivyoandika, akasema ni sawasawa. Nikamwomba aweke kidole gumba chini yake. Akaweka, huku akiuliza ni kodi gani tena hii. Ndipo nikafungua kiganja.

Aliigeuza. Akahesabu ncha kwa ukucha. Moja, mbili, tatu, nne. Ungo wa mchele ukateleza magotini, hakuushika. Nikamweleza ilipotoka, mchanga, karai, ua. Akaigeuza tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Nani mwingine ameiona?"

"Mzee Ngatia."

"Sasa mwanangu, haiwezekani ukairudisha ulikoitoa?"

Nikamwambia haiwezekani.

Shangazi, jina lako liko mezani kwangu, limesafishwa kwa majivu na ndimu. Sema unataka nini.

Mwanao,
Abdulkadir


Kerugoya
29 Septemba 1973

Mwanangu Abdulkadir,

Marahaba mara tatu, na Ramadhani njema. Nakuandikia nikiwa na saumu, kwa hiyo sitasema uongo wala tusi, ingawa moja linanikereketa kooni.

Niliposoma "imepatikana" nilitoka nje nikasimama kwenye maharagwe. Jirani yangu Watiri aliuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimezaliwa. Alinitazama vibaya.

Zile barua zako mbili za kuomba radhi nilizisoma. Nilizihifadhi pia. Yamekwisha kati yetu.

Unauliza nataka nini. Kibibi atakuja kwako na maneno laini, atasema nije nyumbani kwake tunywe uji wa futari, tulie, tusameheane mlango ukiwa umefungwa. Sitaki. Hakunisingizia mlango ukiwa umefungwa. Alinisingizia kwa wimbo, mchana, uwanjani, mbele ya wanawake wote wa Majengo. Basi aukanushe kwa wimbo, mchana, uwanjani, mbele ya wanawake wote wa Majengo. Wengine wamekufa, najua. Waje binti zao.

Na jambo moja zaidi. Wimbo wake ulikuwa na jina langu ndani. Wimbo huu uwe na jina lake ndani.

Akiyafanya hayo, nitakuja Nyeri.

Shangazi yako,
Zabibu binti Ali


Majengo, Nyeri
14 Oktoba 1973

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini saumu ni nyepesi kwako. Hapa tu wazima.

Bi Kibibi alisema wakati wa Ramadhani hapigi ngoma, na hilo ni haki. Lakini usiku baada ya tarawehe amekuwa akitunga. Jana aliniita akanisomea:

*Rupia ya watu kameza uwanja,*
*Zabibu si mwizi, wala si mjanja.*

Ameshawaambia wanawake, na habari imezagaa Majengo yote. Wazee wengine walinisimamisha msikitini waione rupia. Ngoma itakuwa Jumamosi baada ya Idi, tarehe 3 Novemba, katika bustani, sehemu ya juu. Nimepata kibali.

Tatizo ni jina lake. Nilipomwambia sharti lako la mwisho alisimama. "Mwambie Zabibu mimi nina wajukuu kumi na wanne. Nitasema yeye si mwizi hata mara mia. Lakini nijiimbe mwenyewe hadharani? Nife kwanza!"

Shangazi, mistari hii miwili ni mizuri, na mji mzima utaisikia. Pengine inatosha?

Mwanao,
Abdulkadir


Kerugoya
19 Oktoba 1973

Mwanangu,

Marahaba. Haitoshi.

Uwanja haukunitungia wimbo. Ukisikiliza hiyo mistari yake utadhani mchanga ndio ulionisukutulisha maji.

Nitakuja tarehe 3, kwa kuwa nimechoka kukaa mbali na kaburi la baba yako. Nitasimama pale nisikilize. Asipojitaja, nitageuka, nitamsalimu marehemu, nitapanda gari, na hamtaniona tena. Mpelekee barua hii aisome mwenyewe. Usiongeze neno lako hata moja.

Shangazi yako,
Zabibu binti Ali


Kerugoya
11 Novemba 1973

Mwanangu Abdulkadir,

Mimi mzima, na nimefika salama na vitu vyangu vyote, pamoja na kile kikapu ulichonilazimisha. Goti limevimba kama boga na sijali hata kidogo.

Uliniomba nikuandikie yaliyotokea ndani ya duara, ubandike katika shajara yako, maana wanaume mliwekwa barabarani, mkasikia bila kuona. Haya, bandika.

Tulianza saa nane na dakika ambazo sikuzihesabu. Wanawake walikuwa kama themanini. Nusu yao sikuwajua, lakini walinijua mimi. Walinitazama kama sanamu iliyoshuka ukutani. Kibibi alikuwa mstari wa mbele, leso mpya, wanja machoni. Amenenepa. Nilifurahi kuliona hilo, Mungu anisamehe. Hatukusalimiana. Rupia ulikuwa umeiweka kwenye sahani, na sahani aliishika mjukuu wake.

Tari zikapigwa. Akaanza mistari yake miwili, wanawake wakaitikia vizuri, wakarudia, wakarudia. Walifanya mazoezi. Kisha mistari ikaisha na tari zikaendelea zenyewe, na yeye akawa anacheza tu, anazunguka, hanitazami. Nilihesabu mizunguko mitatu. Nikasema moyoni, basi. Nikaokota kikapu changu na kugeuka.

Nyuma yangu nikasikia tari zinanyamaza. Nilidhani ngoma imeisha. Kumbe aliinua mkono kuzinyamazisha, ili asikike vizuri. Akaimba bila ngoma, kwa ile sauti yake ya zamani, ambayo bado ni nzuri kuliko yangu:

*Jina la mwenziwe Kibibi kavunja.*

Hakuna aliyeitikia. Huo mstari hakuwa amemfundisha mtu. Walitazamana, mabinti zake wakaziba midomo. Akauimba mara ya pili, kwa nguvu zaidi, akijipiga kifuani kwenye jina lake. Mara ya tatu akakasirika akawafokea, "Mnaogopa nini nyinyi? Itikieni! Mlipoimba la Zabibu hamkuogopa!" Ndipo wakaitikia, wote themanini, na hiyo sauti najua mliisikia barabarani, maana yule Ngatia wako alipiga mluzi.

Nikaweka kikapu chini. Nikaingia mstari wa mbele. Kuhusu goti nimeshakuambia.

Tulipokaa kupumzika, Kibibi alichukua rupia kutoka kwenye sahani, na kipande cha nta kutoka kwenye pindo la leso. Alikuwa amejiandaa, mtu yule. Akanyoosha mkono anibandike kipajini, akasema, "Ni yako, dada. Nenda nayo Kerugoya."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikamshika mkono.

"Kibibi," nikamwambia, "miaka thelathini na minane umewaambia watu ninayo. Sitaki kuwa nayo hata dakika moja. Kaa nayo wewe. Kuanzia leo, anayetaka kujua rupia iko wapi, akuulize."

Nikamgeuzia mkono wake mwenyewe, nikambandika kipajini. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na Kibibi akacheka pia, machozi yakimwaga wanja mashavuni. Tukarudi kucheza hadi magharibi. Yeye alikuwa mbele, mimi ubavuni mwake, na kila alipozunguka alikuwa ameweka kidole kipajini, ameishikilia isianguke.

Shangazi yako,
Zabibu